Jinsi ya kuandaa mahubiri ya neema, imani na utii bila kuwaachia washarika deni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hii naiandika kwa wale mnaopewa zamu, wainjilisti wa mitaa, wazee wa kanisa, vijana wa uinjilisti, na yule kiongozi wa jumuiya anayepigiwa simu Ijumaa jioni na mchungaji anamwambia mtumishi Jumapili utatusaidia neno ibada ya kwanza, ukiangalia kalenda ya kanisa unakuta siku yenyewe ni neema, au imani, au utii. Mada hizi zinaonekana nyepesi kwa sababu kila mtu kashazisikia toka kipaimara, na ndo hapo zinapoharibika. Mtu anasema neema dakika tatu, imani dakika mbili, af muda wote uliobaki ni utii, na huo utii ukiuchunguza vizuri ni kuacha pombe ya mbege na kutoa bahasha ya ujenzi basi. Watu wanaitikia amina vizuri tu ila wakitoka nje kilichobaki kichwani ni kwamba Mungu anawadai.

Kwa hiyo kabla ya yote shika kitu kimoja, mpangilio. Mungu anaanza, mtu anapokea, mtu anatii. Ukiupindua huo mpangilio, hata kama kila mstari ulioutaja umo kwenye Biblia, umehubiri deni. Yote nayoyasema huku chini ni namna ya kuulinda huo mpangilio toka unapofungua daftari mpaka unaposema amina.

Usianze na mada, anza na andiko, na liwe moja. Kama uko KKKT, yaani kanisa la Kilutheri Tanzania, kalenda imeshakupa masomo, chagua moja la kulihubiri, mengine yasomwe tu. Kama kanisa lenu halina kalenda chagua mwenyewe ila usifanye ule mchezo wa kugugo "mistari ya neema" ukapata ishirini halafu ukakaa madhabahuni unasema fungua hapa, fungua pale, bibi aliyesahau miwani kashakuacha tangu mstari wa tatu. Maandiko yanayobeba hizi mada tatu kwa pamoja yapo na hayajifichi: Waefeso 2:1-10, Tito 2:11-14, Warumi 6, Luka 17:11-19 wale wakoma kumi, 2 Wafalme 5 habari ya Naamani. Mwanzo 22 pia ila ile ya Ibrahimu kuambiwa amtoe Isaka sadaka mimi simshauri mtu anayeanza, inahitaji mkono uliozoea, unaweza ukamaliza na wazazi wanakutazama vibaya.

Ukishachagua lisome kwa sauti. Sio kwa macho, kwa sauti, chumbani au shambani, mara nyingi mpaka ujue wapi sentensi inageuka. Soma tafsiri zote mbili za Biblia, Union Version na Habari Njema, Habari Njema itakusaidia kuelewa haraka ila madhabahuni soma ile Union, maana wazee wetu wameikariri hiyo na ukisoma tofauti kuna mama mstari wa mbele atakuona umebadilisha Biblia. Soma na sura nzima, ya kabla na ya baada kama muda upo.

Sasa hapa ndo kazi. Chukua daftari, gawa ukurasa mara mbili, upande mmoja andika MUNGU upande wa pili andika SISI. Pita kwenye andiko kitenzi kwa kitenzi, kila kitenzi uulize nani anafanya, kiweke upande wake. Tuchukue Waefeso 2. Mstari wa 1 mpaka wa 3 upande wa SISI unapata nini? Mlikuwa wafu, mliziendea dhambi, tulizifuata tamaa. Hakuna kizuri hata kimoja. Mstari wa 4 unaanza "Lakini Mungu, kwa kuwa ni mwingi wa rehema" na hapo upande wa MUNGU unaanza kujaa: alitupenda, alituhuisha, akatufufua, akatuketisha. Ukifika wa 8 na wa 9 ni neema kwa njia ya imani, kipawa, sio matendo, mtu asije akajisifu. Ndo kwenye wa 10 unakuta matendo mema, tena hata hayo imeandikwa Mungu aliyatengeneza tokea awali ili tuenende nayo. Angalia lile daftari lako. Kabla hujaambiwa ufanye chochote Mungu kashafanya karibu kila kitu, na wewe ulikuwa maiti, na maiti hachangii.

Kuna wahubiri wanaishia mstari wa 9, watu wanaenda nyumbani wamefurahi na Jumatatu hakuna kilichobadilika. Wengine wanaanzia wa 10, hao ndo wa deni. Hubiri yote kumi kwa mfuatano wake, andiko lenyewe limeshakupangia, usijifanye unajua kuliko Paulo.

Hilo daftari linafanya kazi hata kwenye amri. Watu wanafikiri Kutoka 20 inaanza na "usiwe na miungu mingine". Hapana, mstari wa 2 unatangulia, mimi ni BWANA Mungu wako niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa. Wameshatolewa, bahari wameshavuka, mana wameshakula, ndo wanapewa amri. Hakuna hata Mwisraeli mmoja aliyetoka Misri kwa kushika amri kumi maana zilikuwa hazijatolewa bado. Ukihubiri amri usiuruke huo mstari, usome mara mbili ikibidi.

Ukimaliza hapo andika sentensi moja tu inayobeba mahubiri yote. Kama haikai kwenye mstari mmoja na nusu wa daftari bado hujaelewa andiko, rudi ukasome. Mfano kwa Waefeso: "Mungu alitufufua bure tukiwa hatuna cha kumpa, ndo maana leo tunaweza kuishi vingine." Sentensi kama hiyo hata mtoto wa sandei skuli anaweza akamrudishia mama yake mchana mezani. Ukishindwa kuipata usiende kutafuta kwenye YouTube mahubiri ya mtu mwingine, utarudi na sentensi yake na sauti yake na kikohozi chake.

Kuhusu imani nitakaa kidogo maana ndo inayopindishwa sana siku hizi. Imani imegeuzwa kuwa nguvu fulani ya mtu, ukiwa nayo nyingi unapata gari, ukiumwa na hujapona basi imani yako ndogo. Mama ana mtoto yuko hospitali ya KCMC wiki ya tatu halafu wewe unamwambia imani ndogo, umemuua mara mbili. Kwenye Biblia uzito wa imani uko kwa yule anayeaminiwa. Mchukue Ibrahimu, na mfuate kwa miaka yake. Anaitwa akiwa na miaka 75, Mwanzo 12. Mwanzo 15:6 akamwamini BWANA, akahesabiwa haki. Ishmaeli anazaliwa baba yake ana 86. Tohara inakuja Mwanzo 17 akiwa na 99, Ishmaeli ana 13. Kwa hiyo kati ya kuhesabiwa haki na kutahiriwa imepita miaka isiyopungua 13, na hiyo ndo hoja ya Paulo kwenye Warumi 4, alihesabiwa haki kabla ya tohara, sio baada. Hesabu hiyo waandikie washarika kwenye midomo yao, waambie warudie, 75, 86, 99, wataikumbuka. Na katikati ya hiyo miaka Ibrahimu kadanganya Misri kuhusu mke wake, kaingia kwa Hajiri, yaani sio mtu wa imani ya chuma hata kidogo, ila Mungu aliyemwahidi hakubadilika.

Af kuna mtu atakuuliza nje ya kanisa, na Yakobo je? Jiandae. Yakobo 2 anasema imani isipokuwa ina matendo imekufa. Hata Martin Luther ilimsumbua, mwaka 1522 kwenye dibaji ya Agano Jipya alilolitafsiri aliuita waraka wa majani makavu, lakini chapa hiyohiyo kwenye dibaji ya Warumi akaandika kwamba imani ni kitu hai chenye shughuli, hakiwezi kukaa bila kutenda mema. Kwa hiyo usiwagombanishe Paulo na Yakobo mbele za watu. Paulo anamjibu anayesema nitaingia kwa matendo yangu. Yakobo anamjibu anayesema mimi nimeshaingia, huku ndugu yake hana nguo wala chakula na yeye anamwambia nenda kwa amani ukaote moto. Watu wawili tofauti wanajibiwa. Wewe kazi yako ni kujua Jumapili hii kwenye mabenchi yako wako wengi wa aina gani, na kwa kweli mara nyingi wako wote.

Sasa nikuonyeshe jinsi ninavyopanga andiko moja mpaka mwisho, Naamani, 2 Wafalme 5, maana lina stori na watu wetu wanapenda stori, na Bwana Yesu mwenyewe alimtaja pale Luka 4:27 watu wa Nazareti wakakasirika.

Mwanzo usihangaike na utangulizi mrefu. Ingia: kulikuwa na jemadari ana kila kitu na ana ukoma. Mstari wa 1 unasema BWANA ndiye aliyewapa Shamu ushindi kwa mkono wake, yaani Mungu alikuwa anashughulika na huyu bwana kabla yeye hajamjua. Hapo neema imeshaanza na hakuna aliyeomba. Mstari wa 2 na 3, msichana mdogo, mateka, hata jina hajapewa, anafanya kazi za ndani kwa watu waliomteka, na ndo anayetoa habari ya uponyaji. Kaa hapo dakika moja. Kuna madada wa kazi wamekaa nyuma kule hawajawahi kusikia wakihubiriwa.

Mstari wa 5, mizigo: talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu, mavazi kumi. Huyu anakuja kununua. Nabii Elisha hata nje hatoki, anatuma mtu, kaoge Yordani mara saba, utakuwa safi. Naamani anawaka, kwetu Dameski kuna Abana na Farpari, mito bora kuliko maji yote ya Israeli. Hapa wahubiri wengi wanakimbilia kusema "ona alivyokosa utii". Subiri. Kilichomkasirisha ni kwamba hakuna cha kulipia wala jambo kubwa la kufanya, watumishi wake wenyewe wanamwambia mstari wa 13, angekuambia jambo kubwa si ungelifanya? Neema inamdhalilisha mtu mwenye mizigo. Hiyo ndo pointi, na ukiisema vizuri watu wenye magari pale nje wataelewa bila kutajwa.

Halafu anashuka, anajichovya mara saba, anapona. Swali la kuwauliza: ni maji yaliyomponya? Maji ya Yordani yanawafikia watu wote wa pale na wakoma walikuwepo. Ni neno aliloahidiwa. Je, angepona bila kushuka? Angerudi na ugonjwa wake nyumbani. Sasa hapo umeshika zote tatu bila kuzitaja kwa majina, ahadi ilitangulia, akaiamini, na imani yake ndo ile kushuka kwenye gari. Utii haukumlipa Elisha chochote, na mstari wa 16 Elisha anakataa zawadi kabisa, akasihiwa akakataa.

Usiishie hapo. Mstari wa 17 na 18 Naamani aliyepona anaahidi hatatoa tena sadaka kwa miungu mingine, halafu palepale anauliza swali gumu, mfalme wangu akiegemea mkono wangu akaingia nyumba ya mungu wao Rimoni, nifanyeje? Na Elisha anamwambia enenda kwa amani. Mtu mpya anaanza utii akiwa na maswali, na nabii hakumfokea. Hiyo ni ya muhimu sana kwa vijana.

Kama una dakika, malizia na Gehazi, yule mtumishi wa Elisha aliyemkimbilia Naamani akachukua talanta mbili na nguo kwa uongo, akauwekea bei uponyaji uliotolewa bure. Ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Ila hapa nakuonya, ukihubiri Gehazi usije ukamaliza kwa kusema "sasa tuchukue bahasha zetu". Kama mhazini anataka ujenzi utajwe mwambie autaje mwenyewe kwenye matangazo, au usubiri mnada, mikungu ya ndizi na kuku wapo hapo nje watauzwa vizuri tu. Kutoa ni kuzuri na kuna maandiko yake, 2 Wakorintho 8 na 9, ihubiri siku yake. Mahubiri ya neema yasiishie kwenye sanduku.

Mifano. Achana na zile stori za treni na daraja za huko Ulaya, hapa kwetu una za kutosha. Mimi ukanda huu wa Moshi nikihubiri neema napenda isale. Wachaga wote wanajua, mtu akikukosea sana akaja na jani la isale kuomba msamaha ni vigumu mno kumkatalia. Lakini kwa desturi nani anayebeba? Mkosaji. Warumi 5:8 inasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi, yaani aliyekosewa ndo katangulia kuja na isale mlangoni kwa mkosaji, na mkosaji hata hajatoka kulala. Usiongeze maneno hapo, nyamaza kidogo. Ukiwa Arusha mjini ambako benchi moja lina Mmeru, Mwarusha, Mpare, Msukuma na Mnyaturu, eleza isale kwa sentensi moja kwanza ndo uendelee.

Utii nao uutaje kwa jina, maana "ndugu zangu tumtii Mungu" haijawahi kumsumbua mtu. Yale masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyosogezwa usiku kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Mjane anayetolewa shambani na mashemeji wakati marehemu hajamaliza mwaka. Kiongozi wa watalii aliyepewa tipu ya wapagazi pale getini akagawa anavyojua yeye. Kibarua wa kahawa anayezungushwa hela yake mpaka anachoka. Hayo ndo maisha yetu, na Tito 2:12 inasema neema ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya, yaani mwalimu wa utii ni neema yenyewe, kwa hiyo ukitoka kwenye utii rudi kwenye neema, usiwaache watu wamesimama kwenye hukumu tu. Na pombe ukiona lazima uitaje itaje, ila isiwe dhambi pekee unayoijua.

Angalizo la mitaani: usimseme mtu. Kijijini kila mmoja anajua kesi ya nani iko kwa mwenyekiti, ukichukua mfano wa mpaka chagua maneno yasiyomwelekea familia moja, na kitu ulichoambiwa na mtu faraghani hakiingii kwenye mahubiri milele, hata ukibadilisha majina.

Na Desemba. Watu wametoka Dar na kila mahali, kanisa limejaa mpaka nje chini ya mti, kuna walioingia mara ya mwisho Krismasi iliyopita. Tafadhali usitumie hiyo nafasi kuwafokea kwamba mnakuja Krismasi tu. Wamekuja. Soma Luka 15, yule baba alimkimbilia mwanae akiwa bado yu mbali, na hotuba ya kijana ya kuomba awe kibarua hata hakuimaliza. Wahubirie hiyo. Utii wao utakuja, au hautakuja, ila neema wataondoka nayo.

Kuandika: andika yote hata kama utahubiri bila karatasi. Jumamosi uyaseme kwa sauti huku simu inahesabu muda, dakika ishirini zinatosha sana, ukiona thelathini kata. Msomee mtu mmoja nyumbani, mke, mume, kijana wa fomu tuu, halafu muulize swali moja tu, umesikia Mungu amefanya nini? Akikujibu "umesema tuache uzinzi" rudi kwenye daftari, upande wa MUNGU haujasikika.

Maneno ya Kigiriki kama hukusoma theolojia chuoni Makumira wala Mwika yaache. Hata kama umesoma, yapunguze.

Mwisho kuna ile hali mnaijua wote, kwaya kuu kaimba nyimbo mbili za ziada, kwaya mgeni nayo imeombwa moja, matangazo yamekula muda, mchungaji anakunong'oneza fanya dakika kumi mtumishi maana ibada ya pili wameshafika. Usiharakishe maneno yote kwa spidi. Kata utangulizi, kata mfano wa pili, kata Gehazi, kwenye utii baki na kitu kimoja. Ile sehemu ya Mungu alichofanya isome taratibu kama ulivyopanga. Na ile karatasi usiitupe, andika juu tarehe, usharika au mtaa, na andiko, uiweke kwenye faili, kwa sababu ukirudi mtaa uleule baada ya miezi michache na Naamani yuleyule, kina mama watakumbuka mpaka shati ulilovaa.